Moto Hausubiri Barua

Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Wananchi walikuwa wakichota petroli lilipolipuka. Waliofariki walizidi 100. Siku hiyo wazima moto, madaktari na viongozi wa mkoa walihitajiana kwa saa moja.

Ndugu msomaji, watumishi hao hawana mkuu mmoja. Sheria ya mwaka 2007 iliweka zimamoto chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zahanati na vibali vya ujenzi ni vya halmashauri. Kiungo cha karibu ni mwenyekiti wa mtaa, anayezijua njia zote, pamoja na kila familia inayoikumbuka namba 114. Basi mapatano yafanywe mapema, kabla moshi haujaonekana.