Subira na Miezi Kumi na Miwili

Ajali inapomfika mtu wetu, jambo la kwanza tulifanyalo ni kushukuru kuwa roho imesalimika. La pili ni kumwuguza. Jamaa huingia na kutoka, uji hupikwa, dua husomwa, na anayetaja mahakama huonekana hana subira. Hatuilaumu tabia hii, kwani ndiyo iliyotulea. Lakini ikiwa aliyemwumiza ni dereva wa gari la serikali, au mtaro ulioachwa wazi na kaunti, kungojea huko kuna gharama.

Sheria ya Kenya humpa aliyeumizwa kwa uzembe wa mtu binafsi miaka 3 ya kufungua kesi. Aliyeumizwa na serikali hupewa miezi 12 pekee, tangu siku ya tukio. Muda huo hausimami kwa sababu mgonjwa yungali kitandani, wala kwa kuwa afisa fulani ameahidi kwamba jambo litatazamwa. Mahakama huweza kuuongeza kwa sababu chache mno; kutoijua sheria si mojawapo.

La kujua kwanza ni nani wa kushtakiwa. Dai dhidi ya wizara au polisi huelekezwa kwa Mwanasheria Mkuu. Dai dhidi ya kaunti huelekezwa kwa serikali ya kaunti yenyewe. Mashirika ya umma hushtakiwa kwa majina yao, na mengine yana masharti yao. Kwa mfano ulio karibu nasi, sheria ya Mamlaka ya Bandari yataka mkurugenzi mkuu apelekewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kesi, nayo kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12.

Serikali kuu nayo iliwekewa sharti la notisi ya siku 30. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema sharti hilo linakinzana na kifungu cha 48 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuifikia mahakama. Hata hivyo, twashauri notisi ipelekwe, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Ila notisi si kesi: aliyeandika barua akaketi kungoja jibu, miezi yake yaendelea kuyoyoma.

Ushahidi nao hukusanywa mapema. Ripoti iandikishwe kituoni na nambari yake ichukuliwe. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Risiti za dawa zisitupwe. Mahali pa ajali papigwe picha kabla hapajatengenezwa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuomba msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Tena tusidanganyane: kushinda si kulipwa. Mali ya serikali haipigwi mnada. Mshindi huchukua cheti cha amri ya mahakama, akakifikisha kwa wahusika, na wasipolipa hurudi mahakamani kuomba afisa mwenye dhamana ya fedha aamrishwe kulipa. Hapo ndipo subira inapohitajika hasa.

Basi tumwuguze mgonjwa wetu, na siku hiyohiyo mmoja wa jamaa aandike tarehe ya ajali ukutani. Mahakama haihesabu kwa arobaini wala kwa mfungo; huhesabu kwa tarehe ile.