Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii: Kinga Itangulie Safari ya Hospitali

Katika visiwa vidogo vya Wilaya ya Mafia, kama Jibondo, hospitali ya wilaya iliyopo Kilindoni hufikiwa kwa chombo cha majini. Bahari ikichafuka, safari husubiri.

Ili kinga iitangulie safari hiyo, Serikali ilizindua Januari 31, 2024 Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, unaolenga wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano.

Mhudumu hufunzwa kwa miezi sita, darasani na kwa vitendo. Hachukui nafasi ya daktari. Huelimisha kaya kuhusu lishe, usafi na uzazi salama, hutambua dalili za hatari na kutoa rufaa mapema.

Wananchi wanahimizwa kushiriki kuwapendekeza wanaowaamini, kwani elimu ya afya huanza pale mlango unapofunguliwa.