Mzee Asiachwe Kulinda Mikoba



Wengi katika jamaa zetu leo wanakaa Marekani, na wapatapo uwezo huwaalika wazee wao kutoka pwani waende wakawaone wajukuu. Mgeni akisha kupumzika, watoto hutaka apelekwe mahali watakapofurahi wote, na aghalabu mahali patajwapo kwanza ni bustani za michezo za Walt Disney World, huko Florida. Nia hiyo ni njema. Furaha iliyo halali si jambo la kukatazwa, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Lakini liko jambo moja linalosahauliwa mara nyingi katika maandalio. Mzee huchukuliwa safarini kwa heshima kubwa, kisha akifika huketishwa kwenye benchi alinde mikoba mpaka magharibi, na wenziwe wamekwenda kucheza.

Yafaa tujue kwamba bustani hizi zilizaliwa kwa sababu ya benchi kama hilo. Bwana Walt Disney alikuwa akiwapeleka binti zake wawili kupanda farasi wa mbao wanaozunguka katika bustani ya Griffith, mjini Los Angeles. Watoto walizunguka wakicheka, naye ameketi peke yake akila njugu. Akafikiri: kwa nini pasiwe mahali ambapo mzazi na mwanawe watafurahi pamoja? Fikira hiyo ndiyo iliyozaa Disneyland, iliyofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955. Ile ya Florida ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye amekwisha kufa tangu 1966. Basi mzee wetu akibaki kwenye benchi, tumetoa fedha nyingi ili kurudi pale pale alipoanzia bwana yule.

Dawa yake ni kuipanga safari kwa kuanza na mzee, si kwa kuanza na kijana. Mtume (S.A.W.) alimwagiza imamu asiirefushe sala, maana nyuma yake wamo wadhaifu na wazee. Kiongozi wa safari naye achukue mfano huo.

Kwanza achague mahali. Walt Disney World ina bustani kubwa nne, wala haziwezi kutembelewa zote kwa siku moja. Kwa mzee wa pwani iliyo bora ni ile ya wanyama, Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Ndani yake mna mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao wajenzi wake waliuiga mji wetu wa Lamu, na maneno ya Kiswahili yameandikwa kwenye kuta na mbao. Kutoka hapo watu hupanda gari kubwa lililo wazi, wakaenda kuwatazama twiga, tembo na simba katika mbuga iliyotengenezwa. Mzee na mjukuu hukaa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mtoto aliyezaliwa ugenini, asiyejua ila Kiingereza, itambidi amwulize bibi yake maana ya maneno yale; na bibi atamweleza lipi limeigwa sawasawa na lipi ni mchezo tu, na nyumba za Lamu hasa zikoje. Aliyedhaniwa kuwa mzigo amekuwa mwalimu.

Pili, wakati. Florida wakati wa kiangazi ina joto kali la unyevu, na mvua za radi hunyesha alasiri. Miezi ya Januari na Februari ni afadhali. Jamaa waingie asubuhi, ambapo wanyama huwa wachangamfu, na adhuhuri wampumzishe mzee.

Tatu, miguu. Mwendo wa humo ni mrefu, na mzee asiyetumia kiti cha magurudumu nyumbani huenda akakihitaji. Viti hivyo hukodishwa karibu na lango. Aambiwe mapema, kwa adabu na kwa faragha, asije akaona haya mbele ya wajukuu. Tena lile gari la wanyama hutikisika. Mwenye maumivu ya mgongo ashauriane kwanza na daktari wake.

Nne, vijana. Wao watataka kupanda vijigari vya relini viendavyo kwa kasi, kama kile cha mlima Everest, ambacho hakipandwi na mtoto aliye chini ya sentimita 112. Si lazima mzee awe mlezi wa wadogo waliokataliwa. Uko utaratibu ambao mzazi mmoja hubaki na mtoto, na mwenziwe akirudi hupokezana naye bila kuanza foleni upya. Na mikoba ina makabati yake ya kukodi.

Tano, chakula na sala. Inaruhusiwa kuingia na chakula kutoka nyumbani, ila si katika vyombo vya gilasi. Kwa hiyo halali yetu twaweza kuichukua wenyewe. Na msafiri anayo ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, basi msala usisahauliwe.

Sita, fedha. Mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwa malipo, lakini tangu miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, na bei hutofautiana kwa siku. Asikope mtu kwa ajili ya mchezo. Asiye na uwezo awapeleke jamaa zake kwenye bustani ya jirani na kikapu cha chakula, nao watafurahi.

Na juu ya hayo yote, kabla ya kununua tiketi, mwulizeni mzee mwenyewe apendalo. Huenda akachagua kukaa kitako kivulini, na hiyo ni haki yake. Lakini akae kwa kupenda, na mjukuu mmoja awe ubavuni pake.