Kiongozi Aking'olewa, Foleni ya Kura Hurefuka?

Kinyozi wangu wa Kisauni alizima mashine, nusu ya kichwa changu bado ina nywele. "Kaka, kama bunge linaweza kumtoa niliyemchagua, mimi nirauke alfajiri kupiga kura ya nini?" Ilikuwa Oktoba 2024, Seneti imetoka tu kumwondoa Naibu Rais wa Kenya, Rigathi Gachagua.

Swali lake nililipatia jibu baadaye, tena mbali: Korea Kusini. Desemba 3, 2024, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi. Siku 11 baadaye wabunge 204 kati ya 300 waliunga mkono hoja ya kumng'oa, na Aprili 4, 2025 Mahakama ya Katiba ikaithibitisha. Uchaguzi wa Juni 3 ulivuta asilimia 79.4 ya wapiga kura, kiwango cha juu kabisa tangu 1997.

Brazil mambo yalikuwa mengine. Rais Dilma Rousseff aliondolewa 2016. Duru ya kwanza ya 2018, asilimia 20.3 hawakupiga kura, zaidi kidogo ya 19.4 ya 2014, ingawa huko kura ni lazima kisheria.

Tofauti moja naiona kwenye kalenda. Korea hurudi debeni ndani ya siku 60, chuma kingali moto. Brazil, makamu Michel Temer alirithi kiti, wananchi wakangoja miaka miwili.

Nilimjibu kinyozi wangu hivi: mtu akiondolewa, mrudishie mwananchi karatasi ya kura mapema. Ukimchelewesha, atazoea kukaa nyumbani.