Gari ya Zamani Ikikataa Kuwaka: Sikiliza Kwanza, Nunua Baadaye



Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya darasani. Familia nyingi za kwetu zina mtu Kampala anayeishi kwa gari ya zamani. Mmoja anaendesha kamunye, mwingine anabeba mkaa na mihogo kwa pikapu, mwingine ana Corona ya kukodisha kwa harusi. Asubuhi ile gari ikikataa kuwaka, huku kambini hakuna pesa inayotumwa. Kwa hiyo hata mama ambaye hajawahi kushika usukani, jambo hili linamhusu.

Gari hizi zinatoka Japani zikiwa zimeshatumika, zinashuka bandari ya Mombasa na kuja kwa barabara mpaka Kampala. Mwaka 2018 Uganda ilikataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Lakini zilizoingia kabla ya hapo bado zinatembea, na ndizo ambazo mtu wa kipato chetu anaziweza. Spea ziko Kisekka na Ndeeba, mafundi wako Katwe. Shida ni kwamba watu wananunua spea kabla ya kujua kilichoharibika.

Wakati wa likizo nilikaa Katwe kwa shangazi, jirani na gereji ya mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari, mwenzetu kutoka Bukavu. Baba mmoja alileta Corona yake pale. Alikuwa amenunua betri mpya, akaona haisaidii, akaongeza stata ya mtumba. Bado! Mzee hakufungua kitu. Alimwambia, "Piga stata, mimi nisikilize." Halafu akainama, akavuta ule waya mnene unaounganisha injini na bodi. Ukamkatikia mkononi, umeoza kwa kutu. Waya mwingine, bolti mbili, gari ikawaka. Betri ya zamani haikuwa na kosa, na karo ya watoto ilikuwa imeshaingia ndani ya ile mpya.

Basi jambo la kwanza ni sikio. Ukizungusha funguo, je, injini inazunguka au haizunguki? Hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Tuanze na injini isiyozunguka. Ukisikia "ka-ka-ka-ka" ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme ni mdogo. Inaweza kuwa betri imeisha, lakini mara nyingi sana ni vichwa vya betri vimelegea au vimeota ule unga mweupe na wa kijani. Jaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umepata mwizi wako. Zima kila kitu, chukua spana namba 10, fungua hasi kwanza halafu chanya. Mwagia maji ya moto, kausha, sugua kwa msasa mpaka ung'are, kisha funga chanya kwanza na hasi mwisho. Usivae pete wala bangili ya chuma ukifanya kazi hii.

Ukiwa na mita, pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu hivi. Kipimo ambacho mafundi wengi wanaruka ni hiki: weka ncha moja ya mita juu ya hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa bodi au wa injini hauna afya. Ile Corona ingejulikana hapo hapo, bila kununua chochote.

Ukisikia "tak!" moja tu halafu kimya, na taa zinabaki kali, shaka iende kwenye stata yenyewe au waya wake mnene. Gonga stata polepole kwa mti huku mwenzako anawasha, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Ikizunguka, ujue brashi za ndani zimeisha. Itakufikisha gereji leo, kesho usiitegemee.

Kama ni kimya kabisa, hata "tak" hakuna, na gari ni otomatiki, toa gia kwenye P uweke N ujaribu tena. Gari nyingi za Japani zina swichi inayozuia stata gia isipokuwa mahali pake, na ile swichi inazeeka. Tikisa pia funguo, maana mahali pa funguo panalika. Watu wa Kampala, mji wa vilima, wanapenda kuegesha mteremkoni ili gari ijiwashe kwa kuteremka. Kwa gia ya mkono sawa. Kwa otomatiki kusukuma hakusaidii, mtachoka bure. Na watoto wasisukume gari kamwe, hasa wakiwa nyuma yake kwenye mlima.

Sasa injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Hapo betri na stata ziache, hazina kosa. Injini ya petroli inataka moto wa plagi, mafuta na hewa. Toa waya mmoja wa plagi, ingiza plagi ya akiba, igusishe chuma chake imara kwenye injini, usiishike kwa mkono mtupu, na hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche ya bluu yenye mlio, moto upo, nenda kwenye mafuta. Ikiwa nyekundu dhaifu, au hakuna, angalia kifuniko cha distributa. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, unyevu unaingia ndani, au kifuniko kina ufa mdogo kama unywele. Futa kwa kitambaa kikavu ujaribu. Kwa gari za kale zaidi, kama Corolla za injini ya 4K, kuna platini zinazofunguka na kufunga. Zikiungua zinasuguliwa, lakini dawa hasa ni kubadilisha pamoja na kondensa yake.

Kwenye mafuta, usiamini geji ya gari yenye miaka 25. Madereva wa kamunye wanaweka mafuta kidogo kidogo, na kwa gari yenye pampu ndani ya tanki hiyo ni hasara, maana pampu ile inapozwa na mafuta yenyewe. Washa funguo bila kupiga stata, weka sikio nyuma. Gari nyingi za namna hiyo zinatoa mlio mdogo wa sekunde chache. Ukikosa, tazama fyuzi kwanza, ni kitu cha bei ndogo.

HiAce za dizeli hazina plagi za moto. Zina plagi za joto, na asubuhi yenye baridi lazima usubiri ile taa izime ndipo upige stata. Zikiachwa zikauka mafuta, hewa inaingia kwenye mipira, na utazungusha mpaka betri ife. Kuna kipampu cha mkono cha kuitoa.

Ikiwa gari inawaka vizuri mchana na kila asubuhi imekufa, pima betri injini ikiwa inanguruma. Inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12, alteneta au mkanda wake ndio mgonjwa. Ikiwa sawa, kuna kitu kinanyonya usiku. Mara nyingi ni redio iliyofungwa na fundi wa kando ya barabara.

Ukienda Kisekka, beba kile kitu cha zamani mkononi, ulinganishe namba na mashimo ya bolti, na stata ijaribiwe kwa betri mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa.

Neno kwa akina mama. Betri iliyokufa isiwekwe ndani ya nyumba, wala isipasuliwe uani ili kuuza risasi yake. Asidi inaunguza, na vumbi la risasi linaingia kwa watoto kupitia mikono na chakula, linaharibu ubongo polepole bila dalili ya haraka. Irudishwe nzima kwa muuza betri. Wengi wanapunguza bei ya mpya ukiwaletea ya zamani.