Okidi Hainyonyi Mti
Katika misitu ya kando ya Mto Tana na vichaka vya pwani, okidi aina ya Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia, huota juu ya mikoma na miti mingine mikubwa. Wengi hudhani inamnyonya mwenyeji wake. Sivyo. Mizizi yake hushika gome tu, haipenyi ndani ya mti. Mizizi mingine midogo myeupe husimama wima kama kikapu cha miba, ikinasa majani makavu ambayo yakioza huwa mbolea yake. Maji huyapata kwa mvua na umande.

Kwa hiyo anayeipanda mjini Garsen, kando ya Tana, asiifukie udongoni, maana mizizi iliyozoea hewa huoza. Aifunge kwa kamba ya katani kwenye gome la mti linalokwaruza, mahali penye jua la asubuhi, aimwagilie na kuiacha ikauke kabla ya kuimwagilia tena. Kiangazi apunguze maji.

Atakayesema ni heri kuing'oa msituni kabla mti haujageuzwa makaa ana hoja, lakini hoja hiyo inahusu mti ulioangushwa tayari, tena kwa kibali. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini hazioti bila kuvu maalumu. Inayong'olewa hairudi upesi. Biashara ya kimataifa ya okidi hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Ukiipenda, nunua iliyooteshwa kitaluni, na mkoma uuache umesimama.