Kutia Karanga Katika Mchuzi

Wapishi wa Pwani, wakitaka mchuzi uwe mzito na laini, hutia tui la nazi. Hapa Wote mnazi haumei, na nazi iletwayo kutoka Mombasa yataka fedha. Walakini karanga hufanya kazi ile ile, nazo humea hata katika udongo wa kichanga. Watu wa Buganda wameijua siri hii tangu zamani: mchuzi wao wa karanga, waitao ebinyeebwa, huliwa kwa matoke. Katika Tanzania nako kisamvu kisichotiwa nazi hutiwa karanga. Kwetu, mchuzi huo wafaa sana kwa majani ya kunde, na hata kwa muthokoi, ambao wengi huula mkavu mno.

Karanga ni jamaa ya kunde na maharagwe. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kama robo ni protini, yaani ile sehemu ya chakula ijengayo mwili. Ikipondwa na kupikwa, chembe zake hunywa maji na kuvimba, na mafuta yake hutawanyika majini kwa matone madogo madogo. Ndiyo sababu mchuzi hushikamana. Unga wa ngano huweza kuufanya mchuzi mzito pia, lakini hauongezi ladha, na lishe yake ni kidogo ukilinganisha.

Kaanga karanga katika sufuria kavu kwa moto mdogo, uzipepete maganda, kisha uzitwange kinuni mpaka zianze kutoa mafuta. Usizimwage katika chungu kinachochemka, maana zitafanya madonge. Zikoroge kwanza kwa maji ya vuguvugu mpaka ziwe kama uji mwepesi, ndipo umimine juu ya nyanya na vitunguu vilivyokwisha kuiva. Kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa chatosha vikombe vitatu vya maji. Mwiko usitoke mkononi, kwa kuwa mchuzi huu hushika chini upesi. Mafuta yakianza kuelea juu, umeiva. Ukipoa huzidi kuwa mzito, basi uepue ungali mwepesi kidogo.

Liko jambo moja ambalo watu wa sehemu hizi hawawezi kulipuuza. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 walijulikana kuugua na 125 kati yao wakafa, kwa sababu ya kula mahindi yaliyoingia kuvu. Sumu iliyowaua, iitwayo sumukuvu, hupenda karanga kama ipendavyo mahindi. Tena ni karanga zilizoifichua kwanza: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza, baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, na kuichemsha saa nyingi ni kupoteza kuni bure.

Basi karanga zikaushwe juani juu ya mkeka au turubai, wala si juu ya udongo mtupu, mpaka zitikiswapo zilie ndani ya maganda. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Wako wanaozinyunyizia maji ili maganda yabanduke upesi. Desturi hiyo ni mbaya kabisa, kwani unyevu ndio uitao kuvu. Kabla ya kukaanga, chagua moja moja, ukatupe zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Zilizotupwa wasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita katika maziwa.

Karanga zilizosagwa tayari sokoni huokoa kazi, lakini mnunuzi hawezi kuona kilichoingia kinuni. Ni afadhali kununua nzima. Na ukiwa na mgeni, mwambie mapema kwamba mchuzi una karanga, kwa kuwa wako watu ambao karanga chache tu huwavimbisha koo na kuwazuia pumzi.